Masereka: Namna ya kuchagua darubini ya Newton kwa kupiga picha za nyota, bila kutupa pesa

Usiku ambapo mvua imekatika na ukungu umeshuka mabondeni, anga ya Masereka inajaa nyota kuliko anga ya miji mingi mikubwa ya dunia. Milima ya Lubero iko juu, sehemu nyingi inapita mita 2000, hewa ni baridi na safi, na taa za barabarani karibu haziko. Watu wa Ulaya wanafunga safari ndefu kutafuta giza la namna hii. Huku mutu anatoka tu nje ya mlango.

Telefone za siku hizi zinaweza kupiga picha ya mkanda mweupe wa Njia ya Maziwa, kama zimewekwa kwenye jiwe na kuachwa zitulie. Kisha hapo swali linakuja lenyewe: darubini gani inaweza kuonyesha zaidi, na kuhifadhi picha? Kwenye intaneti jibu linalorudi mara nyingi ni darubini ya Newton, kwa sababu ndiyo inayotoa mwanga mwingi kwa pesa kidogo. Ni kweli. Lakini mutu akikosea kuchagua, pesa ya miezi mingi inageuka pambo la nyumba. Duka haliko Butembo wala Beni la kurudishia. Kinachonunuliwa Kampala, Dubai ao Ulaya kikishavuka Kasindi, kimeshavuka.

Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia mbele ya kutoa pesa, na yale ambayo vitabu vya Ulaya havisemi kwa sababu waandishi wake hawaishi kwenye ikweta.

Bomba, vioo viwili, basi

Isaac Newton, mwanasayansi wa Uingereza, alitengeneza darubini yake ya kwanza ya kioo mwaka wa 1668. Wakati ule darubini zote zilikuwa za lenzi, na lenzi zilikuwa zinazungushia nyota rangi za upinde wa mvua. Newton alitumia kioo kilichochimbika kidogo kama sahani, kwa sababu kioo kinarudisha rangi zote sawasawa.

Mpango wake haujabadilika. Mwanga unaingia kwa mdomo wa bomba, unashuka mpaka kwa kioo kikubwa kilicho chini, unarudi juu ukijikusanya, unagonga kioo kidogo kilicholala upande, kisha unatoka kwa shingo iliyo ubavuni karibu na mdomo. Hapo ndipo mutu anaweka jicho, ao apareyi ya foto. Kioo kidogo kinashikwa na vyuma vyembamba, mara nyingi vinne. Ndiyo maana katika picha za Newton nyota kubwa zinaonyesha miali minne kama msalaba. Si kosa la apareyi.

Kioo kimoja kinasuguliwa upande mmoja tu, lakini lenzi nzuri inahitaji vipande viwili ao vitatu vya vioo safi mpaka ndani. Ndiyo sababu ya bei. Kwa pesa ileile, Newton inampa mutu kioo kipana kuliko darubini ya lenzi.

Namba mbili za kusoma kwenye karto

Kila Newton iko na namba mbili, kwa mfano 150/750. Ya kwanza ni upana wa kioo kikubwa kwa milimita. Ya pili ni urefu wa fokali, ni kusema umbali ambao mwanga unasafiri toka kwa kioo mpaka picha itokee.

Upana ndio unaosema mwanga ngapi unaingia. Kioo cha milimita 150 kinakusanya mwanga karibu mara nne kuliko kile cha 76, kwa sababu ukipandisha upana mara mbili, eneo linapanda mara nne.

Urefu wa fokali unasema kipande gani cha anga kitaingia kwenye picha. Na apareyi ya foto ya kawaida yenye kioo cha ndani, ile yenye sensa ya milimita 22 kwa 15, fokali ya 750 inapiga kipande cha anga cha digri 1,7 kwa 1,1. Mwezi mzima una nusu digri, basi unaingia bila shida na nafasi inabaki. Wingu la Orioni, karibu digri moja, linaingia pia. Lakini galaksi ya Andromeda, yenye karibu digri 3 kwa urefu, haiingii yote. Wengi wanafikiri fokali ndefu ni nzuri zaidi kwa sababu "inaleta karibu". Kwa picha za mawingu ya nyota, mara nyingi ni kinyume.

Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza: 750 kwa 150 inatoa 5. Inaandikwa f/5. Hiyo ndiyo mwendo wa darubini. Picha inayohitaji dakika nne kwa f/10 inahitaji dakika moja tu kwa f/5. Kwa mahali ambapo mbingu inafunguka saa mbili kisha ukungu unarudi, hiyo tofauti si ndogo. Kwa kupiga picha za anga ya mbali, f/5 ndiyo ya kati: inaenda haraka, na haisumbui sana. Ile ya f/4 inaenda haraka zaidi, lakini inadai vioo viwekwe sawa kabisa, na kosa dogo linaonekana. Ya f/8 ni nzuri kwa mwezi na sayari, ila bomba linakuwa refu na nyota hafifu zinahitaji muda mwingi.

Ya kuangalia kwa macho na ya kupiga picha haziko sawa

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanaangukia. Newton nyingi za bei ya chini zimetengenezwa kwa jicho. Picha inatokea karibu sana na bomba. Lenzi ya jicho inaifikia, lakini apareyi ya foto, ambayo sensa yake iko ndani sentimita kadhaa, haiifikii. Mutu anazungusha shingo mpaka mwisho na nyota zinabaki mabonge ya mwanga. Apareyi ni nzima, darubini ni nzima, lakini havikutani.

Newton za foto zinatengenezwa tofauti: kioo kikubwa kimesogezwa juu kidogo ndani ya bomba, shingo ni fupi na nguvu, na kioo kidogo ni kipana zaidi. Kwa kampuni ya Sky-Watcher, kwa mfano, herufi PDS zinaonyesha mabomba ya namna hiyo: 130PDS yenye fokali ya 650, 150PDS yenye 750, 200PDS yenye 1000. Kampuni zingine ziko nazo vilevile. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja: "Apareyi ya foto inapata picha safi katika darubini hii bila lenzi ya kuongeza?" Kama anajibu kwa kuzungusha maneno, afadhali kuacha.

Jambo la pili linaitwa koma. Katika Newton za f/5 na f/4, nyota za katikati zinakuwa vidoti, lakini za pembeni zinavutika kama vijidudu vyenye mikia. Ni tabia ya kioo chenyewe. Dawa yake ni lenzi ya kurekebisha koma, inayowekwa mbele ya apareyi. Mutu anaweza kuanza bila hiyo na kukata pembe za picha. Ila iwekwe kwenye hesabu toka mwanzo, kwa sababu bei yake si ya mchezo.

Mitego ya soko

Wa kwanza ni maneno makubwa kwenye karto: "Inakuza mara 525!" "Mara 675!" Sheria ya kazi ni rahisi: darubini haiwezi kukuza kwa faida zaidi ya mara mbili ya upana wake kwa milimita. Kioo cha 114 kinafika karibu mara 228, na hiyo ni usiku ambapo hewa imetulia. Zaidi ya hapo mutu anaona ukungu uliokuzwa.

Wa pili ni bomba fupi lenye fokali ndefu. Kama karto inaandika 114/1000 lakini bomba halifiki hata nusu mita, ndani ya shingo kumefichwa lenzi ndogo inayorefusha fokali. Mara nyingi kioo chenyewe hakikuchongwa inavyofaa, na vioo vinakuwa vigumu kuvilinganisha. Kwa foto, hiyo ni ya kuacha kabisa. Katika Newton ya kweli, urefu wa bomba unakaribiana na fokali.

Wa tatu unaweza kuharibu mutu maisha yake yote. Seti zingine za bei ya chini zinakuja na kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho ili "kuangalia jua". Hicho kitupwe. Mwanga wa jua uliokusanywa na kioo kikubwa unaweza kukipasua katika dakika chache, na jicho linaungua bila hata kusikia uchungu. Tarehe 3 Novemba 2013, wakati kivuli cha mwezi kilipita Congo na kuingia Uganda upande wa Pakwach, watu wengi walitaka kuangalia. Siku kama zile zitarudi. Jua linaangaliwa tu kwa karatasi maalumu ya kuchuja, inayofunika mdomo wote wa bomba kwa mbele, na isiyo na tundu hata moja. Bila hiyo, darubini isielekezwe upande wa jua, na mchana isiachwe wazi mahali watoto wanacheza.

Kisimamio ndicho kinachokula pesa

Dunia inazunguka digri 15 kila saa. Kwa macho haionekani. Lakini kwa fokali ya 750 na apareyi ya kawaida, nyota inahama karibu pikseli 14 katika sekunde moja. Mutu akiacha apareyi wazi sekunde tano bila kufuata, nyota inakuwa mstari. Ndiyo maana darubini ya foto inahitaji kisimamio chenye mota kinachozunguka kinyume cha dunia, polepole, kwa mwendo uleule wa nyota.

Kisimamio cha kazi hiyo kinaitwa cha ikweta. Kiko na ekseli moja inayopaswa kulala sambamba na ekseli ya dunia, na upande wa pili vizito vya chuma vya kusawazisha bomba. Kizuri kinaweza kuzidi bei ya bomba, na wenye uzoefu wanasema pesa igawanywe hivi: angalau nusu iende kwa kisimamio. Bomba la kawaida juu ya kisimamio imara linatoa picha. Bomba zuri juu ya kisimamio kinachotikisika halitoi kitu.

Kila kisimamio kinaandikwa kilo kinazobeba. Hiyo namba ni kwa jicho. Kwa foto, hesabu nusu yake, ao kidogo zaidi ya nusu. Bomba la 130 lina karibu kilo 4, la 200 karibu kilo 9, kisha ongeza apareyi na vifaa vyake. Na Newton iko na kasoro moja ambayo watu wa milimani wataijua haraka: bomba lake pana linashika upepo kama bati lililong'oka. Nyumba, ukuta wa matofali ao fensi ya miti vinaweza kusaidia kuliko kununua chuma kingine.

Kuna njia ya bei ya chini: kisimamio cha Dobson, sanduku la mbao linalozunguka chini, lililoenezwa na John Dobson huko San Francisco. Kwa pesa ya kisimamio kimoja cha foto, mutu anaweza kupata Dobson nzima ya milimita 150 ao hata 200. Kwa macho hakuna inayoipita. Kwa foto, inatosha kwa mwezi na sayari zenye mwanga mwingi: telefone inashikwa kwa kibano juu ya lenzi ya jicho, inarekodi video fupi, kisha programu inachagua sura safi na kuziunganisha. Kwa mawingu hafifu ya nyota, haiwezi.

Ikweta: shida ya Masereka, na bahati yake

Mstari wa ikweta unapita kati ya Butembo na Lubero. Hii inabadilisha mambo mengi ambayo maelezo ya kiwandani yanayachukua kama ya kawaida.

Paris, ekseli ya kisimamio inainuliwa digri 49, na mutu anaielekeza kwa nyota ya kaskazini. Masereka, ekseli hiyo inalala karibu sawasawa na ardhi, na nyota ya kaskazini iko kwenye upeo wenyewe, nyuma ya vilima na ukungu. Haitumiki. Pia visimamio vingi haviwezi kushuka mpaka sifuri: kipimo chao kinaanzia digri 15 ao 20. Vingine vinashuka, lakini vizito vinagonga miguu mitatu wakati bomba linafuata nyota.

Kwa hiyo mbele ya kununua, mutu wa Masereka, Butembo, Beni ao Lubero aulize: "Kisimamio hiki kinafanya kazi kwenye latitudo sifuri?" Kama vizito vinagusa miguu, kipande cha nguzo kinachopandisha kichwa cha kisimamio kinaweza kuondoa shida. Fundi chuma wa Butembo anaweza kukitengeneza akipewa vipimo sawa.

Sasa bahati. Kwa kuwa ekseli inalala, haihitaji hesabu ya kuinua. Nivo ya masoni inatosha kuanzia: weka ekseli ilale sawa kama mstari wa matofali. Kinachobaki ni kaskazini na kusini. Hapa kuna njia ya zamani isiyohitaji umeme. Simamisha fimbo wima mahali palipo sawa, chora mviringo kuizunguka, na asubuhi weka alama pale ncha ya kivuli inapogusa mviringo. Mchana kivuli kinafupika, kisha kinarefuka tena. Kikigusa mviringo upande wa pili, weka alama nyingine. Mstari unaounganisha alama mbili unaenda mashariki na magharibi. Ule unaoukata kwa pembe mraba unaenda kaskazini na kusini. Ukichorwa mara moja kwenye sementi ya kiwanja, utatumika miaka yote.

Baadaye usiku, rekebisha kwa nyota. Chukua nyota iliyo karibu juu ya kichwa, iangalie dakika tano kwa lenzi inayokuza sana. Ikiteleza kuelekea kaskazini ao kusini, zungusha kisimamio kidogo sana kushoto ao kulia, kisha rudia. Kama kuteleza kunapungua, umeenda upande mzuri. Kwa mwenye ordinatere, programu ya bure N.I.N.A. iko na chombo kinachopima kosa hilo kwa kupiga picha tatu, bila kuhitaji kuona nyota ya kaskazini.

Bahati kubwa zaidi ni yenyewe anga. Mutu wa London hataona kamwe Msalaba wa Kusini. Mutu wa Cape Town hataona nyota ya kaskazini. Anayeishi kwenye ikweta, kwa mwaka mzima, nyota zote za pande mbili zinapita mbele yake.

Piga nini, wakati gani

Katika eneo hili mvua inapungua mara mbili: Januari na Februari, kisha Juni na Julai. Ndiyo miezi ya kazi.

Januari na Februari, jioni, Orioni inapita karibu juu ya kichwa. Wingu lake, chini ya zile nyota tatu za mkanda, liko karibu miaka ya mwanga 1300 kutoka hapa, na linaonekana hata kwa apareyi ndogo. Upande wa kusini, chini kidogo, linaonekana Wingu Kubwa la Magellan, ambalo ni galaksi nyingine. Usiku ukiendelea, Wingu la Karina linapanda.

Juni na Julai, Nge na Mshale vinatawala, na katikati ya Njia ya Maziwa inapanda juu sana. Hapo mawingu na mafungu ya nyota yako mengi kuliko sehemu nyingine yoyote ya anga. Jioni pia kuna Omega Centauri, fungu lenye nyota mamilioni, ambalo huku Kivu linaonekana wazi na katika sehemu kubwa ya Ulaya halipandi kabisa.

Bomba lipi, basi?

Kwa anayetaka kujifunza anga na kupiga mwezi kwa telefone: Dobson ya 150 ao 200. Shule ao kikundi cha vijana kinafaidika nayo zaidi, kwa sababu watu ishirini wanaweza kupanga mstari na kila mmoja akaona.

Kwa anayetaka picha za mawingu ya nyota kwa pesa iliyopimwa: bomba la foto la 130/650. Ni jepesi, linapanda pikipiki, linashika upepo kidogo, na kisimamio cha kati kinalibeba bila kulalamika.

Kwa mwenye uwezo zaidi: 150/750. Linapata mwanga zaidi kwa theluthi moja kuliko lile la 130.

Bomba la 200/1000 linavutia sana kwenye picha za wengine. Lakini linadai kisimamio kizito, linachoka haraka barabarani, na kosa lolote la kufuata nyota linaonekana zaidi. Kuanza nalo ni kama kujifunza pikipiki kwenye mteremko wakati wa mvua.

Kuhusu apareyi, ile ya mtumba yenye lenzi inayotoka inafaa, pamoja na pete ya kuifunga kwenye darubini. Picha ya anga haipigwi moja. Zinapigwa nyingi, kwa mfano 60 za sekunde 30, kisha programu kama Siril ao DeepSkyStacker, zote za bure, zinaziunganisha kuwa moja safi. Zipakuliwe mara moja mahali mega ni za bei nafuu. Baadaye hazihitaji intaneti. Umeme hausumbui sana: mota nyingi zinatumia volti 12, na baterie ya pano ya jua inaweza kuzizungusha usiku mzima. Kinachomaliza baterie ni ordinatere.

Barabara, baridi na ukungu

Newton inatikiswa, na vioo vyake vinahama. Baada ya safari kati ya Butembo na Masereka, hasa kwa pikipiki wakati wa matope, vioo vilinganishwe tena mbele ya kupiga picha. Kazi hiyo inafanywa kwa vise tatu zilizo nyuma ya kioo kikubwa, na zingine tatu za kioo kidogo, huku mutu akichungulia kwa kifuniko chenye tundu katikati. Mara ya kwanza inachukua saa nzima. Mara ya kumi, dakika tano. Anayeogopa kazi hiyo asinunue Newton.

Darubini itolewe nje nusu saa mpaka saa moja mbele ya kazi, ili kioo kipoe kama hewa. Ikirudishwa ndani ikiwa na umande, isifunikwe mara moja. Iachwe ikauke, kisha ifungwe pamoja na vile vifuko vidogo vya kunyonya maji vinavyokuja katika karto za viatu. Unyevu ukikaa, kioo kinaota madoa. Na kioo kisipanguswe na kitambaa kikavu hata siku moja: vumbi linakwaruza. Vumbi kidogo halionekani kwenye picha, mikwaruzo inabaki.

Usalama mbele ya picha

Kivu ya Kaskazini iko chini ya état de siège tangu tarehe 6 Mei 2021, na usiku katika Beni na Lubero si wa kuchezea. Bomba jeupe juu ya miguu mitatu, limeelekezwa juu, gizani, na mutu ameinama nyuma yake: kwa askari wa doria aliye mbali, hiyo inafanana na silaha. Mwanga wa laser ya kijani inayoelekezwa mbinguni ni mbaya zaidi. Isitumiwe.

Mutu anayetaka kufanya kazi hii ajulishe mbele mkuu wa kijiji ao wa kartie, na kupitia kwake askari walio karibu. Awaonyeshe chombo mchana, awaache wachungulie mlima wa mbali. Jirani aliyekwisha kuona hatatunga habari. Kazi ifanyike ndani ya kiwanja, si juu ya kilima wala kando ya barabara, na saa zilizokatazwa ziheshimiwe. Usiku ambao habari si nzuri, bomba libaki ndani. Wingu la Orioni litarudi mwaka ujao mahali palepale.

Kununua peke yako ao pamoja

Darubini moja inaweza kutumika na watu wengi kwa miaka ishirini kama kioo chake kimetunzwa. Nchini Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen walianzisha Travelling Telescope, inayopeleka darubini kwa wanafunzi, hata mbali na Nairobi. Mfano huo unafaa kufikiriwa na shule za sekondari za Lubero, ambako fizike ya vioo inafundishwa ubaoni, na wanafunzi wengi wanamaliza diplome bila kushika kioo kilichochimbika hata kimoja.

Mwenye pesa kidogo asikimbilie darubini mwaka wa kwanza. Apareyi ya mtumba, lenzi ya milimita 50 na miguu mitatu vinapiga Njia ya Maziwa kwa sekunde 6 bila nyota kuvutika. Vitamfundisha kuunganisha picha, kujua nyota kwa majina, na kuvumilia baridi ya saa nane za usiku. Akishapita msimu mmoja wa Juni na Julai hivyo, na bado anataka kuendelea, atajua mwenyewe anatafuta nini.

Kwa yule ambaye tayari ameshika simu kumwandikia ndugu ao mfanyabiashara anayesafiri, maswali ya kuandika ni haya: bomba ni la foto kweli? Ni f/5? Urefu wa bomba unakaribiana na fokali iliyoandikwa? Kisimamio kinabeba mara mbili ya uzito wa bomba na apareyi? Kinashuka mpaka latitudo sifuri? Kiko na mota? Na kodi ya dwane pale Kasindi imewekwa kwenye hesabu? Swali moja likikosa jibu, pesa ibaki mfukoni mpaka jibu lipatikane.